Pengo la Afya na Haki za Mgonjwa katika Jimbo la Washington

Watu wawili wanaweza kuishi katika mtaa mmoja, wakaugua maradhi yale yale, wakatibiwa katika hospitali ile ile, na bado wasipate matokeo yale yale. Mmoja alieleza maumivu yake akaeleweka. Mwingine aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila alichoambiwa, akarudi nyumbani na chupa ya dawa asiyojua kipimo chake. Mmoja alipopokea bili aliihoji. Mwingine aliifungia kabatini, na mwaka uliofuata, alipobanwa na kifua, aliona heri avumilie kuliko kuongeza deni juu ya deni. Tofauti ya namna hii haitokani na damu wala na bahati. Hutokana na mambo ambayo sheria inaweza kuyagusa.

Mwaka 2006 Bunge la Jimbo la Washington liliunda baraza la Gavana linalokutanisha idara mbalimbali za serikali, na likaandika katika sheria maana ya pengo la afya: ni tofauti iliyopo kati ya makundi ya wakazi wa jimbo katika kupatwa na maradhi, katika vifo na katika mzigo wa magonjwa, pamoja na kukosa huduma za tiba zilizothibitika kufaa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomhusu zaidi mtumiaji wa huduma. Kwa mujibu wa sheria, kuikosa huduma si jambo la pembeni. Ni sehemu ya pengo lenyewe.

Msomaji aliyekulia Tanzania Bara au Kongo amezoea sheria ya afya itungwe katika mji mkuu wa nchi na iwahusu wote. Marekani mambo huenda kwa namna nyingine. Serikali ya shirikisho huweka sakafu, na kila jimbo hujenga juu yake kadiri linavyotaka. Kwa hiyo familia inayohama kutoka Kentucky kuja Kent, karibu na Seattle, haibadilishi hewa na nyumba tu. Inabadilisha pia haki zake mbele ya hospitali. Makala haya yanaeleza haki zilizopo katika jimbo hili, na namna ya kuzidai.

Sheria zinazowafunga watoa huduma

Baadhi ya sheria za jimbo kuhusu usawa wa afya hazimtaki mgonjwa afanye lolote. Mbunge wa jimbo au Gavana anaweza kuiomba Bodi ya Afya ya Jimbo ichunguze kama muswada fulani utalipunguza pengo la afya au utalipanua, kabla haujapigiwa kura. Mwaka 2021 pekee zilipitishwa sheria tatu. Moja inazitaka idara saba za jimbo, pamoja na zile za afya na mazingira, zizipe uzito jamii zilizobeba zaidi athari za uchafuzi. Ya pili ilianzisha maeneo maalumu ambamo wakazi wenyewe hushiriki kuamua ni tatizo gani la afya lishughulikiwe kwanza. Ya tatu inawataka wataalamu wa afya wenye leseni, kuanzia wauguzi hadi madaktari wa meno, wapate mafunzo ya usawa wa afya. Masharti yake yalianza tarehe 1 Januari 2024, nayo ni walau saa mbili katika kila miaka minne.

Saa mbili katika miaka minne si nyingi, na hatutajifanya kwamba ni nyingi. Sheria za aina hii hufanya kazi polepole, na mgonjwa aliyeketi leo kwenye chumba cha kusubiri hawezi kuzishika mkononi. Zipo nyingine ambazo anaweza kuzishika. Hizo zina sifa moja ambayo ni lazima ifahamike mapema: nyingi hulala mpaka mwenye haki aziamshe kwa kuomba, kwa kujaza fomu au kwa kukata rufaa. Hospitali haivunji sheria kwa sababu tu mgonjwa hakuomba asichokijua, ingawa mara nyingine, kama tutakavyoona, inakuwa imeivunja kwa kutomwambia.

Lugha

Haki ya mkalimani inatokana kwanza na sheria za shirikisho: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kifungu kinachokataza ubaguzi katika sheria ya afya ya mwaka 2010. Hospitali au kliniki inayopokea fedha za shirikisho, na karibu zote huzipokea, inapaswa kumpatia mgonjwa asiyejua vema Kiingereza mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Haiwezi kumtaka aje na mkalimani wake. Haiwezi kumtegemea mtoto wa chini ya miaka 18 atafsiri, isipokuwa kwa muda, katika dharura, wakati mkalimani mwenye sifa hajapatikana.

Tunalisisitiza hili la watoto kwa sababu katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayejua Kiingereza kuliko wote, na wazazi humchukua kwa nia njema. Lakini fikiria binti wa miaka kumi na miwili anayetakiwa kumwambia mama yake kwamba mimba imeharibika, au mvulana anayetakiwa kumuuliza baba yake maswali ya tezi dume. Mzazi huficha, mtoto hupunguza makali ya maneno, na daktari huandika katika faili jambo ambalo halikusemwa. Kumkatalia mtoto kazi hiyo si kumdharau. Ni kumlinda yeye na mzazi wake.

Jimbo limeongeza jambo lake. Kwa mwenye bima ya Apple Health, ambayo ni bima ya umma kwa watu wa kipato kidogo, serikali ya jimbo ina mpango wa kulipia mkalimani wa matibabu. Anayemwagiza mkalimani ni ofisi ya daktari, wala si mgonjwa, kwa hiyo wakati wa kumwomba ni pale unapopanga miadi, si pale unapofika mlangoni. Katika kompyuta za hospitali lugha hii huandikwa Swahili, na inafaa kuhakikisha kwamba imeandikwa hivyo katika faili lako, ili usilazimike kuomba upya kila mara.

Kuna mambo mawili ambayo waandishi wa fomu hawayafikirii. La kwanza ni kwamba Kiswahili si kimoja. Mgonjwa kutoka Mombasa atasema ana presha. Wa Bukavu huenda akatumia neno lililotoka kwenye Kifaransa, na mkalimani aliyezaliwa Nairobi asimwelewe. Unayo ruhusa ya kusema kwamba unataka mkalimani anayekifahamu Kiswahili cha Kongo, au cha Tanzania, na ukiona mnapishana katika maneno, simamisha mazungumzo na uombe mwingine. La pili ni siri. Mkalimani wa matibabu anafungwa na wajibu wa kutunza siri, lakini jamii zetu ni ndogo, na mgonjwa anaweza kumkuta chumbani mtu anayesali naye kila wiki. Si utovu wa adabu kuomba mkalimani wa simu aliye mji mwingine, au mwanamke kwa mwanamke. Waweza kuliomba hilo bila kutoa sababu.

Bili ya hospitali

Hapa ndipo sheria ya jimbo la Washington inapofika mbali kuliko wengi wanavyodhani, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki yao kimyakimya.

Tangu mwaka 1989 sheria ya jimbo inazitaka hospitali kuwasamehe gharama, zote au sehemu, wagonjwa wa kipato kidogo. Katika barua na mabango ya hospitali utaliona jambo hili likiitwa Charity Care au Financial Assistance. Sisi tutaliita msamaha wa gharama. Si hisani ambayo hospitali hutoa ikiona huruma. Ni wajibu wa kisheria, na kigezo chake ni kipato na idadi ya watu katika familia, kikilinganishwa na kiwango cha umaskini ambacho serikali ya shirikisho hukitangaza kila mwaka.

Tarehe 1 Julai 2022 sheria hiyo ilipanuliwa sana. Hospitali ziligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la hospitali kubwa na zile zilizo ndani ya mifumo mikubwa, ambazo kwa pamoja zina sehemu kubwa ya vitanda vyote vya hospitali katika jimbo. Hizi hupaswa kumsamehe gharama zote mtu ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 300 ya kiwango cha umaskini. Akiwa kati ya asilimia 301 na 350, hupunguziwa asilimia 75. Kati ya 351 na 400, hupunguziwa nusu. Kundi la pili ni la hospitali nyingine, nyingi zikiwa ndogo au za vijijini. Huko msamaha kamili huishia asilimia 200, punguzo la asilimia 75 huishia 250, na la nusu huishia 300.

Asilimia hizi hazina maana mpaka ziwe dola. Kwa viwango vya mwaka 2025, kiwango cha umaskini kwa familia ya watu wanne kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka. Asilimia 300 yake ni dola 96,450. Chukua familia ya baba, mama na watoto wawili, baba akifanya kazi ghalani na mama akiwatunza wazee, wakipata pamoja dola 60,000 kwa mwaka. Familia hiyo haijihesabu kuwa maskini. Inalipa kodi ya nyumba na inatuma fedha nyumbani. Hata hivyo, kipato chake kiko chini ya asilimia 200, na inastahili msamaha kamili katika hospitali ya kundi lolote. Wakipata dola 90,000, watasamehewa zote katika hospitali kubwa, lakini katika ile ndogo watapunguziwa nusu tu. Kwa mtu anayeishi peke yake, asilimia 300 ya mwaka huo ilikuwa dola 46,950.

Katika ngazi za punguzo, hospitali inaruhusiwa kutazama pia mali ya mgonjwa, lakini haiwezi kuhesabu thamani ya nyumba anayoishi.

Kuwa na bima hakuondoi haki hii. Wengi hudhani msamaha ni wa wasio na bima, ilhali bili zinazoumiza mara nyingi ni zile za sehemu ambayo bima imemwachia mgonjwa. Sehemu hiyo nayo husamehewa. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka hospitali iandike katika bili yenyewe kwamba huenda ukastahili huduma ya bure au punguzo, uwe na bima au usiwe nayo, na itaje mahali pa kuuliza. Maneno hayo yatafute kwenye bili yako. Mara nyingi yako chini, kwa herufi ndogo.

Namna ya kuomba

Omba fomu katika ofisi ya fedha ya hospitali, na mwombe mkalimani hapo pia, kwani haki ya lugha haiishii kwenye kitanda cha mgonjwa. Fomu itauliza majina ya wanafamilia na kipato chao, na itataka uthibitisho. Kanuni za jimbo zimeorodhesha hati zinazokubalika, kama fomu ya W-2, hati za mshahara, au fomu ya kodi ya mwaka uliopita, na zinasema kwamba hati moja kati ya hizo inatosha. Ofisi ikikudai rundo la karatasi, uliza kwa upole ni kanuni ipi inayolitaka rundo hilo.

Na kama huna hata moja? Wapo wanaolipwa fedha taslimu, wapo waliofika mwezi uliopita, wapo wanaoishi kwa ndugu. Kanuni zimelifikiria hilo. Mtu asiyeweza kutoa hati yoyote anaweza kuandika maelezo ya kipato chake na kuyatia saini, na hospitali inapaswa kuyategemea maelezo hayo. Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila msomaji alikumbuke, maana wengi huiacha fomu mezani kwa sababu ya kukosa karatasi moja.

Hospitali ikishapokea habari zako, inapaswa kukujulisha uamuzi ndani ya siku 14. Ikikataa, inapaswa kusema sababu na kukueleza njia ya rufaa, nawe una siku 30 za kuikata. Ikiwa ulikwisha kulipa, kisha ikathibitika kwamba ulistahili msamaha wakati ulipotibiwa, fedha ulizozidisha zinapaswa kurejeshwa ndani ya siku 30. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa umelipa, basi yamekwisha.

Kuna mipaka pia, na ni vema kuijua kabla ya kukasirika. Msamaha unahusu matibabu ya lazima yatolewayo na hospitali. Daktari anayefanya kazi ndani ya hospitali lakini akileta bili yake mwenyewe, au kliniki iliyo nje yake, huenda asifungwe na sheria hii. Unapopokea bili tatu kwa ugonjwa mmoja, angalia kila moja imetoka kwa nani, kisha uwaulize wote kama wana msamaha. Wengine hutoa kwa hiari.

Kwamba haki hizi zina meno ilionekana Februari 2024, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo alipotangaza makubaliano na mfumo mmoja mkubwa wa hospitali uliodaiwa kuwatoza na kuwafuatia madeni wagonjwa waliostahili msamaha. Fedha zilizorejeshwa na madeni yaliyofutwa yalizidi dola milioni 157, kwa wagonjwa karibu 100,000. Wengi wao hawakujua kamwe kwamba walistahili.

Deni likishakuwepo

Sheria ya jimbo ya mwaka 2019 inakataza deni la matibabu kuuzwa au kukabidhiwa kampuni ya kukusanya madeni kabla ya kupita siku 120 tangu bili ya kwanza. Miezi hiyo minne ndiyo nafasi yako ya kuomba msamaha ukiwa bado unashughulika na hospitali yenyewe. Tena, kwa sheria iliyoanza kutumika mwezi Julai 2025, deni la matibabu haliruhusiwi kupelekwa kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Kwa hiyo ugonjwa wa mtoto haupaswi tena kumzuia mzazi kupanga nyumba au kununua gari.

Kinga hizi zina tundu moja ambalo mgonjwa hulitoboa mwenyewe. Mtu mwenye kuchukia madeni hukimbilia kulipa bili ya hospitali kwa kadi ya mkopo. Mara tu anapofanya hivyo, deni la matibabu hugeuka kuwa deni la kawaida la benki, lenye riba ya benki, na ulinzi tuliouelezea hapa haulifuati huko. Uungwana wa kulipa haraka ni jambo jema, lakini omba msamaha kwanza, kisha ulipe kilichobaki.

Bima, na mabadiliko yanayokuja

Apple Health huwahusu watu wazima ambao kipato chao hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Kwa watoto, ukomo wa kipato ni zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho, ingawa katika ngazi za juu familia huchangia kiasi kidogo kila mwezi. Sheria ya jimbo ya mwaka 2007 ilifungua bima ya watoto bila kujali hali yao ya uhamiaji. Mama mjamzito naye hupokelewa bila kujali hali hiyo, na bima yake huendelea miezi 12 baada ya mimba kumalizika. Hapo zamani iliishia siku 60, wakati ambao hatari nyingi za uzazi zilikuwa bado hazijapita. Watu wazima wahamiaji wasiokubaliwa na mpango wa shirikisho walianzishiwa mpango wa jimbo tarehe 1 Julai 2024, lakini nafasi zake zina ukomo wa bajeti, na huenda ukakuta zimejaa. Tangu mwaka 2024 mtu yeyote anayeishi katika jimbo anaweza kununua bima kupitia Washington Healthplanfinder, bila kujali hali yake ya uhamiaji.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanapaswa kusoma aya hii mara mbili. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji wanaoweza kupata bima ya umma inayogharimiwa na shirikisho. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 hadhi ya ukimbizi au ya hifadhi peke yake haitatosha tena kwa watu wazima wengi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hubaki katika kundi linalokubaliwa, iwapo ametimiza masharti mengine. Mkimbizi anatakiwa kuomba kadi hiyo akishatimiza mwaka mmoja nchini. Aliyekuwa akiahirisha asiahirishe zaidi. Na mwenye shaka yoyote juu ya hali yake azungumze na mwanasheria wa msaada wa kisheria kabla ya kujaza fomu ya serikali. Fomu ya msamaha wa gharama ni jambo jingine: hilo ni ombi kati ya mgonjwa na hospitali.

Kwa aliyepoteza bima, chumba cha dharura hakijafungwa. Tangu mwaka 1986 sheria ya shirikisho inazitaka hospitali zenye chumba cha dharura kumpima kila anayefika na kuituliza hali yake ya hatari, bila kungoja kujua kama ana fedha. Bili itakuja baadaye, na ikija, msamaha wa gharama upo.

Ukitendewa kwa ubaguzi

Sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi ni ya mwaka 1949. Imekuwa ikiongezewa mambo kadiri miaka inavyopita, na mwaka 2020 iliongezewa ulinzi kwa sababu ya uraia au hali ya uhamiaji. Hospitali na kliniki zimo ndani yake. Si kila huduma mbovu ni ubaguzi. Kusubiri saa sita huwapata wote. Lakini ukiambiwa kwamba kliniki haipokei wageni, ukinyimwa mkalimani kisha ukaandikwa kwamba umekataa matibabu, au mlalamikaji wa maumivu akapuuzwa kwa sababu ya rangi yake, hilo ni jambo la kupelekwa mbele.

Malalamiko ya ubaguzi hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu ya Jimbo, na muda wake ni miezi sita tangu tukio. Yanaweza pia kupelekwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya shirikisho, kwa kawaida ndani ya siku 180. Hospitali isiyofuata sheria ya msamaha wa gharama hulalamikiwa Idara ya Afya ya Jimbo au kwa Mwanasheria Mkuu. Kampuni ya bima iliyokataa kulipa hulalamikiwa kwa Kamishna wa Bima, kwa simu namba 1-800-562-6900.

Kabla ya kupiga simu, andika tarehe, jina la kliniki, kazi ya mtu uliyezungumza naye na maneno aliyoyasema, hata kama ni kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa daftari la mtoto. Hifadhi bahasha pamoja na bili, kwani muhuri wa posta unaweza kusaidia kuonyesha barua ilitumwa lini. Simu ikipokelewa, sema jina la lugha kwanza, kabla ya jambo jingine lolote: Swahili. Anayepokea atatafuta mkalimani, na laini inaweza kukaa kimya kwa dakika kadhaa. Usikate, kimya hicho ni cha kumtafuta mkalimani.